Kutoa Fit ya CVT na kuchukua spoti ya gia za mkono iliyotumika: GT86, 350Z au RX-8?

#1 Mshale_Mwekundu
Wakuu, salaam. Honda Fit GD ya 1.3 yenye CVT (giaboksi inayojibadilisha yenyewe bila ngazi za gia) inaondoka, mahali pake inaingia spoti ya milango miwili ya gia za mkono. Zipo tatu: Toyota GT86 ya 2013 yenye km 118,000, Nissan 350Z ya 2004 yenye km 140,000, na Mazda RX-8 ya 2005 yenye km 95,000. Wauzaji wote watatu wanapokea Fit pamoja na nyongeza, na nyongeza ya RX-8 ndiyo ndogo kuliko zote. Kazi ya gari ni ya kila siku, si mashindano.

Kwa kilomita hizo naelekea kwenye RX-8. GT86 inanitia shaka: gia ikiwa fri na injini inaunguruma, chini kuna mlio mwembamba kama wa kinda la ndege. Ukikanyaga klachi unanyamaza. Muuzaji anasema zote ziko hivyo. Nikague nini kabla ya kutoa ufunguo wa Fit?

#2 Dipstiki
Kwa RX-8 kilomita haziamui kitu. Injini yake ni ya rotari, ina rota mbili zinazozunguka badala ya pistoni. Kinachoamua ni kompresheni (mbano wa hewa ndani ya injini), nayo haipimwi kwa geji ya kawaida ya kuchomeka kwenye tundu la plagi. Rota moja ina nyuso tatu, geji ya kawaida inashika ule uso wenye nguvu na kuficha miwili mibovu. Tafuta mtu mwenye kipimo cha rotari kinachotoa namba tatu kwa kila rota, jumla namba sita. Kiwango cha chini cha Mazda ni kPa 680 starta ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150, na kati ya rota mbili isizidi 100. Kama starta inazungusha taratibu au haraka kuliko hapo, namba lazima zirekebishwe kwanza. Usikubali namba zisizoambatana na kasi ya starta.

Injini ipimwe ikiwa ya moto. Sili za rota zilizochoka hujificha injini ikiwa baridi.

#3 Kona_Kali
Sahihisho dogo kwa #1: RX-8 ina milango minne. Ile miwili ya nyuma ni mifupi, inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Ukija kwenye matumizi ya kila siku hilo si dogo. RX-8 inabeba watu wazima wanne kwa heshima. GT86 kiti cha nyuma ni cha begi au mtoto. 350Z haina kiti cha nyuma kabisa, na buti lake limekatizwa na nguzo nene ya kukaza bodi. Fit inayoondoka ina viti vya nyuma vinavyolala sakafu nzima. Kama kuna kiti cha mtoto cha kufunga, 350Z itoke mezani leo.

#4 Spana_Kumi
Huo mlio wa GT86 ni beringi ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi. Klachi ikiwa juu na gia fri, shafti hiyo inazunguka na injini. Ukikanyaga, shafti inasimama, kelele inakufa. Ni somo la kwanza la giaboksi. Kuibadilisha ni kushusha giaboksi na kuifungua yote. Ikatae au ipunguziwe bei kwa kiasi cha kazi hiyo.

#5 Pedali_Tatu
Spana_Kumi, somo la kwanza ni sahihi lakini hili gari lina somo la pili. Kwenye GT86 na ndugu yake Subaru BRZ, beringi ya kusukuma klachi inakaa imegusa vidole vya presha pleti (sahani inayobana klachi) muda wote, bila mzigo wa maana. Ikianza kukauka inalia ikiwa haina mzigo. Ukikanyaga unaipa mzigo, inatulia. Ni kelele maarufu ya gari hizi. Giaboksi inashushwa ndiyo, lakini haifunguliwi.

#6 Spana_Kumi
Nakubali kwamba ipo. Sikubali kwamba kila mlio wa GT86 uitwe huo. Muuzaji naye anajua hadithi ya "zote ziko hivyo", na ndiyo anayoitumia.

#7 Tochi_na_Kioo
Kabla hamjagawana hiyo giaboksi, kipimo chenu kina tobo. Kukanyaga pedali mpaka chini kunafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kunaipa mzigo beringi ya klachi NA kunasimamisha shafti. Hamwezi kutenganisha kwa namna hiyo. Fanyeni hivi: injini ya moto, gia fri, mguu juu ya pedali, ishushe taratibu sentimita moja au mbili tu, kabla klachi haijaanza kuachia. Hapo shafti bado inazunguka na injini. Mlio ukifa hapo hapo, anza na beringi ya klachi au uma wake (mkono unaoisukuma). Mlio ukiendelea na kufa pale klachi inapoachia kabisa, ni ndani ya giaboksi.

Na kuna kelele ya tatu: pampu ya petroli ya presha kubwa ya FA20, yaani injini ya GT86, inalia kama nyenje, inasikika juu upande wa injini. Hiyo haijali klachi hata kidogo.

#8 Mshale_Mwekundu
Tochi_na_Kioo, asante, hicho kipimo nitakifanya kesho. Dipstiki, RX-8 inawaka kirahisi asubuhi. Hiyo si dalili nzuri?

#9 Dipstiki
Si dalili ya kutegemea. Rotari mbovu inawaka baridi vizuri, inagoma ya moto. Endesha dakika ishirini, geji ya joto itulie, zima, subiri dakika tano mpaka kumi, washa. Ikizungusha muda mrefu ndipo ishike, ondoka hapo.

Mambo ya kuishi nayo ambayo Fit haikufundishi:

Usiiwashe baridi kuisogeza mita tano na kuizima. Petroli inalowesha plagi, na ukirudi haiwaki. Ikitokea, kanyaga mafuta mpaka mwisho kisha zungusha starta. Kanyagio likiwa chini kabisa kompyuta inakata injekta, hewa inaingia na kukausha.

Inakula oili kwa makusudi. Kuna pampu inayotia oili kidogo kwenye chumba cha kuchomea ili kulainisha sili. Angalia dipstiki kila ukijaza petroli mara mbili. Mwenye kusema "yangu haili oili hata tone" anakupa habari mbaya bila kujua.

Koili ziko nne, na ndizo chanzo cha vifo vingi. Koili dhaifu inaacha petroli isiyoungua, inaenda kuungulia kwenye kichujio cha moshi, kichujio kinayeyuka na kuziba, moto unarudi kwenye injini. Plagi pia ni nne za aina mbili: za chini ni za kuongoza, za juu ni za kufuatia. Zisichanganywe.

#10 Gia_ya_Sita
Kwa 350Z ya 2004 cha kwanza ni giaboksi. Za miaka ya mwanzo zina sinkronaiza (ringi za kusawazisha kasi gia ikiingia) dhaifu. Nissan ilizirekebisha kidogo kidogo mpaka toleo la CD009 lililokuja baada ya gari hili kutengenezwa, na ndilo watu wanalolitafuta. Ipime ikiwa baridi, kabla muuzaji hajaipasha: tatu kwenda mbili kwa mwendo wa kawaida, kisha mbili kwenda tatu kwa haraka kidogo. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma, hata mara moja, ni sinkronaiza. Ugumu bila mkwaruzo unaweza kuwa oili nzito tu.

Injini ya VQ35DE ya mwaka huo ni ngumu kufa. Iliyojulikana kwa kula oili ni ile iliyoongezwa mizunguko, ya 2005 na 2006.

Halafu kuwa makini na silinda ya klachi (inayosukuma klachi kwa majimaji) ya plastiki iliyofungwa ndani ya giaboksi. Ikivuja, giaboksi lazima ishuke.

#11 Tochi_na_Kioo
Hapo mwisho umechanganya na 370Z. Silinda ya ndani ni ya 370Z. Kwenye 350Z silinda ya chini iko nje, imeshikwa na bolti mbili ubavuni mwa kengele ya giaboksi (kasha linalofunika klachi). Inabadilishwa bila kushusha kitu. Vuta kifuniko chake cha raba. Kukiwa na majimaji ndani, silinda imekwisha. Kisha lala chini ya dashibodi na tochi, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta, yaani silinda ya juu. Kidole kikitoka kimelowa, masta nayo inavuja.

#12 Gia_ya_Sita
Kweli, ni 370Z. Nashukuru kwa kunyoosha.

#13 Kona_Kali
Angalia pia tairi za 350Z. Mbele ni 225/45R18, nyuma ni 245/45R18, kwa hiyo huwezi kuzihamisha mbele na nyuma kusawazisha ulaji. Fit ilikuwa 175/65R14, tairi ya kupatikana popote. Tena 350Z za mwanzo zina tabia ya kula tairi za mbele upande wa ndani kwa mtindo wa meno ya msumeno. Pitisha kiganja juu ya raba, mbele kisha nyuma. Ikikwaruza kiganja kikienda mwelekeo mmoja tu, umeipata.

Na vioo vya milango: mota zake zinachoka. Shusha na pandisha kila kimoja mara tano mfululizo.

#14 Ringi_ya_Pistoni
Mnaizunguka GT86 mkiacha kubwa kuliko mlio. Gari ya 2013 iko kwenye kundi lililoitwa kurudishwa kiwandani mwishoni mwa 2018 kwa sababu ya springi za valvu zinazoweza kuvunjika. Kazi hiyo inatoa injini nje na kufungua kifuniko cha mbele. Ulizia kwa namba ya chesisi kama ilifanyika, na nani aliifanya. Zipo injini zilizokaa salama miaka sita, zikanoki (beringi zikafa, injini ikagonga) baada ya kazi hiyo: gundi ya kuzibia ilipakwa nyingi, vipande vikaenda kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vikaziba chujio la kunyonyea oili.

#15 Pedali_Tatu
Gundi ipo kwenye baadhi, sibishi. Lakini zimenoki pia ambazo hazikuguswa. FA20 ni injini iliyolala, pistoni zake zinakwenda kulia na kushoto, na kwenye kona ndefu yenye kasi oili inakimbilia upande mmoja. Kama ilikuwa imepungua lita moja, pampu inavuta hewa, na beringi ya koni rodi (fimbo ya pistoni) haihitaji sekunde nyingi. Wengi wametoka kwenye gari ndogo, hawajazoea kuchungulia dipstiki.

#16 Spana_Kumi
Mimi nasema ni oili yenyewe. 0W-20, oili nyepesi, kwa barabara ya kawaida ni sawa na ndivyo kitabu kinavyosema. Kwa mtu anayeshinda kwenye mizunguko 7,000 siku ya joto, oili inapita nyuzi 120 na utando unakuwa mwembamba mno.

#17 Ringi_ya_Pistoni
Usisahau na zilizochezewa programu ya kompyuta ya injini, Spana_Kumi. Ukisukuma moto wa plagi mbele zaidi na petroli ikawa ya oktani ndogo, kinachogonga ni mlipuko wa mapema, beringi inapigwa nyundo. Gari hii inataka oktani 98, Fit ilikuwa inameza chochote.

#18 Tochi_na_Kioo
Sababu yoyote kati ya hizo nne itaacha ushahidi mahali pamoja. Mwombe muuzaji oili na filta vibadilishwe mbele yako kabla ya makabidhiano, kwa gharama yako. Fungua filta ya zamani kwa kikata makopo cha filta. Usitumie msumeno, unamwaga chenga zake ndani na kukudanganya. Kata karatasi ya filta, ikamue, itandaze juu ya karatasi nyeupe juani na uigeuzegeuze. Oili ikishatiririka utaona kilichobaki kwenye mikunjo. Vumbi la kijivu kidogo ni la kawaida. Vipande bapa vinavyong'aa kama magamba ya samaki mdogo, vya fedha au vya rangi ya shaba, ni beringi. Pitisha sumaku juu yake: metali ya beringi haishikwi. Vipande laini vinavyonyumbulika kama raba, vya kijivu au vyeusi, ndiyo gundi anayoisema Ringi_ya_Pistoni.

#19 Mshale_Mwekundu
Hiyo ya filta nimeielewa vizuri sana. Klachi yenyewe naipimaje? Na gari, hiyo GT86, likiwa kwenye mizunguko kama 4,000 niliona linalegea kidogo, kisha linachangamka. Ni klachi inayoteleza?

#20 Gia_ya_Sita
Weka gia ya nne ukiwa kwenye 60 km/h hivi, kanyaga mafuta mpaka mwisho, tazama mishale miwili. Mizunguko na mwendo lazima vipande pamoja. Mizunguko ikiruka mbele na mwendo ukabaki, klachi imekwisha. Rudia mara tatu, klachi inayoanza kufa inateleza ikishapata moto. Ule mtindo wa kuvuta hendibreki na kuachia klachi kwenye gia ya tano unakuonyesha tu iliyokufa kabisa, na unaichoma hata nzima.

Kulegea kwenye 4,000 ni kwa gari lenyewe. Nguvu za FA20 zina bonde kati ya 3,500 na 4,500 hivi.

#21 Kona_Kali
Na bonde hilo wengine wanasema ni manifoldi ya moshi, kwa sababu ukibadilisha linapungua. Wengine wanasema ni mpangilio wa valvu. Ukitoka kwenye CVT utalihisi zaidi, maana CVT ilikuwa inakuchagulia mizunguko na kukuficha mabonde yote.

#22 Mtungi_wa_Oili
Nimechelewa. Kwa ugumu wa gia ya pili GT86 ikiwa baridi, badilisha oili ya giaboksi kwanza. Legeza bolti ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia. Ikigoma ya juu na umeshamwaga, gari haliondoki hapo. Gari liwe sawa pande zote, jaza mpaka oili ianze kurudi kwenye tundu.

Na usiweke oili ya daraja la GL-5 kwenye giaboksi inayotaka GL-4. Salfa yake inakula shaba ya sinkronaiza.

#23 Spana_Kumi
Inakula ikiwa kwenye joto kubwa, tena zile za zamani. Tatizo la GL-5 kwenye sinkronaiza ni utelezi: ringi inatakiwa ikamate koni ili isawazishe kasi, oili ikiteleza mno haikamati, gia inakwaruza. Ndiyo maana ukirudisha oili sahihi mkwaruzo mwingine hupotea. Ingekuwa shaba imeliwa, usingepotea.

#24 Mtungi_wa_Oili
Mwingine hupotea, mwingine haupotei. Ule usiopotea ndio ulioliwa. Kitabu cha gari ndicho kifuatwe, na difu ya nyuma ina oili yake mbali, hiyo ndiyo GL-5.

#25 Ringi_ya_Pistoni
Kwa zote tatu tafuta dalili za kuburuzwa kwenye drifti. Chungulia ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma: chembe za raba zilizoganda kama lami. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kwenye lami kavu, tembea taratibu sana. Gurudumu la nyuma likiruka na kulia, difu imechomelewa ili magurudumu mawili yazunguke pamoja. GT86 ina difu ya Torsen inayogawa nguvu, hiyo inageuka kimya.

Kosa jingine halionekani kwa macho: mtu kutaka gia ya nne akaingiza ya pili. Kikomo cha mizunguko kinakata mafuta tu, hakiwezi kuzuia magurudumu kuizungusha injini. Valvu zinagusa pistoni. Silinda moja yenye kompresheni ya chini kuliko wenzake kwenye injini isiyotoa moshi, fikiria hilo kabla ya ringi.

#26 Pedali_Tatu
Kwa anayetoka CVT: mguu wa kushoto ukae sakafuni, si juu ya pedali. Kwenye taa weka fri na uachie klachi. Ukishikilia chini dakika nzima unasaga beringi ileile tunayobishania hapa, na unasukuma krankshafti kwenye beringi zake za pembeni. Mlimani shika kwa hendibreki, si kwa nusu klachi.

#27 Dipstiki
Na Fit nayo iandae. GD za CVT zinatetemeka zikianza kuondoka, mpokeaji ataitumia kushusha thamani. Mwaga na ujaze oili ya CVT ya Honda yenyewe, si ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) yoyote. Mara nyingi mtetemo hupungua, na kama haupungui mwambie mpokeaji wazi. Plagi za 1.3 hiyo ni nane, si nne. Fundi akikupa nne kwenye risiti, muulize zile za nyuma amezifanya nini.

Makubaliano yaandikwe na namba za chesisi za magari yote mawili, kilomita za siku hiyo, na kasoro zilizoonekana kila upande. Hakikisha hakuna mkopo unaoshikilia gari lolote. Na nyongeza usiimalize yote. Bakiza ya oili zote, maji ya breki na klachi, na tairi nne.

#28 Mshale_Mwekundu
Mrejesho. RX-8 nimeiacha: rota ya mbele 720, 700, 710, ya nyuma 650, 540, 660, starta kwenye 250. 350Z ilikwaruza tatu kwenda mbili ikiwa baridi.

GT86: filta safi, kazi ya springi ilifanyika na karatasi ipo, klachi haitelezi. Mlio: nilikanyaga sentimita moja na nusu, ukafa. Nikadhani imekwisha. Gari lilipopata moto zaidi nikarudia, haukufa pale. Ulififia tu, ukafa klachi ilipoachia.

#29 Pedali_Tatu
Beringi ya klachi. Ikipata moto grisi inakuwa nyepesi, mzigo mdogo hautoshi kuituliza.

#30 Spana_Kumi
Ulififia ukafa klachi ilipoachia, kama nilivyosema kwenye #4. Shafti.

#31 Tochi_na_Kioo
Inaweza kuwa hata si beringi. Uma wa klachi unaegemea kitufe cha chuma, grisi yake ikikauka unalia vilevile na unabadilika na joto. Mshale, kabla ya kusaini lipandishe gari, vuta kifuniko cha raba pale uma unapotokea, weka tochi ndani. Unga mweusi mkavu ni wa pleti, wa kawaida. Kukiwa na kutu nyekundu kuzunguka shingo ya uma, piga picha uilete hapa. Kukiwa na oili, hiyo imetoka kwenye sili ya shafti au ya krankshafti. Inuse: ya giaboksi inanuka salfa.